Ng'ombe wa Unga

Vikombe viwili vya unga wa ngano,
kimoja cha chumvi,
maji kidogo kidogo,
kama mtu anavyomjibu mama mkwe.

Mama mkwe yuko kizingitini.
Anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.
"Unga wa elfu mbili kilo," anamwambia kuku,
"unakandwa na chumvi makusudi, usilike.
Umesikia, kuku wangu?"
Kuku amesikia.
Na mimi nimesikia.

Nje, Katumba haipo.
Ukungu umeyameza mashamba ya chai, umemeza na njia,
mlima Rungwe hatujauona tangu Jumanne.
Migomba inadondosha mvua iliyonyesha jana.

Ambokile anakata nyota kwa kisu cha mboga.
Nyota yake ina ncha saba. Nani amhesabie?
Lusekelo, mguu ameunyoosha juu ya kigoda,
anakata miezi kwa kifuniko cha dawa ya kikohozi,
mwezi mpevu, mwezi mpevu, mwezi mpevu,
kisha anaumega mmoja kwa meno, uwe mwandamo,
anatema, anacheka, anaomba maji.

Matundu kwa spoki ya baiskeli.
Rangi ya kahawia ni majani ya chai yaliyochemka mpaka yakakasirika,
nyekundu ni udongo wa nyuma ya choo,
nyeusi ni kiwi ya viatu, kwa macho ya malaika.
Malaika wetu wote wana makengeza.

Kazi ni kukausha.
Jua la Desemba huku ni habari za kusimuliwa.
Tukavipanga kwenye ungo, ungo tukaupandisha uchagani
juu ya mafiga, pembeni ya kuni,
moshi ufanye kazi ambayo jua limeikataa.
Usiku wa kwanza panya akala nusu malaika.
Naamini alikesha mtoni.

Siku ya tatu nikashusha ungo, nikahesabu.
Niliviacha kumi na tisa.
Vilikuwa ishirini.

Kati ya mwezi na nyota ya Ambokile
amesimama ng'ombe.
Mbichi bado. Nundu ipo, kiwele kipo,
chuchu nne zimechomolewa moja moja kwa ncha ya kucha,
na pembe ya kushoto imekatika katikati.

Mtoto hajui kiwele kinavyoning'inia.
Na pembe ile mimi naijua.

Jioni, ndilo lililokuwa jina lake.
Tulimuuza Julai, mguu wa Lusekelo ukapate chuma.
Alitoka uani na kamba mpya shingoni,
na mama mkwe alikuwa chumbani
akitafuta sindano,
sindano ambayo hakuwa na nguo ya kuishonea.

Sikuuliza.
Nilifunua bakuli: donge nililolifunika limepungua.
Nikamgeuza ng'ombe taratibu,
ubavu wa pili nao ushike moshi.

Mkesha ukafika.
Tawi la mpaini ndani ya debe la mawe,
nyuzi tulizifumua kwenye kiroba cha mbolea.
Kengele ya Wamoravian ilikuwa imekwisha kulia mara moja
Lusekelo alipogusa nyota akashtuka:
"Mama! Vinatoka jasho!"

Kweli. Chumvi ilikuwa imeuita ukungu ndani,
matone yakachipuka kwenye miezi,
yakawatiririka malaika hadi kwenye makengeza yao.

Mama mkwe akainuka.
Akashika pindo la kitenge chake cha ibada
akamfuta ng'ombe mgongo,
akamfuta tumbo,
akamfungua pale juu tulipomtundika
akamshusha tawi la chini kabisa, karibu na majani.
"Ng'ombe halali juu," akasema,
akachukua mwavuli, akatangulia.

Njiani tope lilikuwa la vifundoni.
Tulikuwa tumekwisha kuliona taa la kanisa
alipopunguza mwendo, tukawa sambamba.
"Ule unga," akasema, bila kunitazama,
"ulibaki?"
"Kidogo, mama. Wa nini?"

Akaruka dimbwi kwanza.
"Hana ndama."